Habari za Keki ya Kilo Nne na Namna Ilivyoshindwa

Jongeeni, enyi mliowahi kufungua kabati mkakuta chakula kinawatazama. Wekeni simu chini, zimeni redio, na mwenye sufuria motoni akaiepue kwanza, kwa maana ninalotaka kulisimulia si dogo: ni habari za keki ya matunda yenye uzito wa kilo nne, na za mwanamke aliyeikabili siku tatu mfululizo pasipo jeshi, mkononi ana mwiko mmoja na ubavuni ana mume asiye na faida kubwa. Mume huyo ni mimi, fundi bomba. Nawe kumbukumbu yangu, usinitupe njiani.

Keki hiyo aliioka mama mkwe wangu, Malkia wa Oveni, ambaye kwa miaka thelathini hapakuwa na harusi mtaani kwake isiyokatwa keki yake. Miguu ilipoanza kumsumbua aliacha. Miaka miwili baadaye akajaribu tena, akaja kwetu Jumamosi na mzigo wake ndani ya kopo la bati, akautua mezani, meza ikalia, naye akanena:

"Wanangu, nasema mara moja. Vidole vyangu siviamini tena. Nimeoka hii ili nijue. Jumamosi ijayo nakuja. Nikikuta imeliwa, oveni yangu inabaki. Nikikuta imebaki, namwachia yule jirani anayeiulizia kila siku, na mimi nikae nje nihesabu wapita njia. Na msinidanganye."

Hilo la mwisho alilisema akimtazama binti yake. Mke wangu hajui kusema uongo. Si kwamba hataki. Akijaribu, anashikwa na kwikwi.

Basi vita vikaanza, na siku za mwanzo tulipigwa. Kisu cha mkate kiliingia nusu kikakwama, mimi nikaishika keki, mke wangu akaushika mpini, tukavutana kama watu wenye kesi ya shamba. Kipande nilichokipata kilininyonya mate yote kinywani hata nikashindwa kumwita mtu aniletee maji. Binti zetu pacha walipewa kimoja kimoja.

"Baba, hii keki au tofali?" akauliza wa kwanza.

"Tofali lina unyevu," akajibu wa pili.

Hata ilipofika Jumatano jioni, zaidi ya robo tatu ya adui ilikuwa bado imesimama, haina hata ufa, zabibu zake zikitutazama kama macho ya walinzi juu ya ukuta. Nikatoa ushauri wangu.

"Tuwape kuku wa jirani."

"Mama akiniuliza nani kaila, nimjibu kuku?"

"Basi tuimalize na chai."

"Chai gani, Baba Pacha? Jana umemaliza birika zima kwa kipande kimoja, halafu usiku mzima mlango wa choo haukupumzika."

Hilo lilikuwa kweli. Ndipo alipoinuka yeye, Bingwa wa Cherehani, mshonaji wa suti za wanaume wanene, akaizunguka ile keki mara mbili huku tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akasema maneno ambayo pacha wanayakumbuka mpaka leo:

"Nyie mnaipiga vita kama ilivyo. Mteja akiniletea koti limembana, nalitupa? Nampa kuku? Nalifumua. Nakata upya, naongeza pale palipopungua, linavaliwa. Hii keki imepungukiwa maji, basi. Leteni machungwa."

Machungwa kumi na mawili yakakamuliwa usiku ule. Akaikata ile keki vipande vyembamba, akavilaza kwenye sinia, akavinywesha juisi kijiko kwa kijiko, na vipande vile, vilivyokuwa vigumu kama mbao, vikaanza kulegea kama mtu aliyeambiwa ukweli kwa upole. Akapika kastadi. Akapanga kwenye mabakuli ya kioo, keki chini, kastadi juu, keki tena, kastadi tena. Asubuhi tukala bila chai. Pacha wakaongeza bila kulazimishwa, jambo ambalo nyumbani kwetu huandikwa.

Alhamisi akavunjavunja mabonge ya keki iliyobaki, akamwaga maziwa na mayai yaliyopigwa, akatia mdalasini, akaliweka bakuli ndani ya sufuria lipikwe kwa mvuke. Kabla ya kurudi kwenye cherehani yake akaniachia ulinzi na amri moja: nisifunue kifuniko kabla ya saa nzima. Sasa niwaulize nyinyi: fundi bomba aone mvuke unapenya pembeni ya kifuniko, akae tu? Nilivumilia dakika ishirini. Nilipofunua, pudini iliyokuwa imeinuka kwa fahari ikatoa pumzi moja, ikakaa chini.

"Umefanya nini?" akauliza kutoka mlangoni.

"Nimekagua."

"Umekagua nini?"

"Presha."

Kisha akairudishia kifuniko, na usiku tuliila imebonyea katikati, kila mtu kwa kijiko chake, na shimo lile likawa mahali pazuri pa kuwekea sukari iliyoyeyushwa. Sikulisema hilo kwa sauti.

Ijumaa chenga zote zilikusanywa, zikachanganywa na maziwa mazito ya kopo na kakao, zikaviringwa kuwa vidonge, pacha wakavimaliza kabla havijaganda. Jumamosi saa tisa adui alikuwa amebaki na ngome moja tu: bakuli dogo la kastadi ndani ya friji. Nikalitaka. Mke wangu akaegemea mlango wa friji.

"Hili la mwenyewe."

Saa kumi kamili Malkia wa Oveni akaingia na fimbo yake, akaangalia juu ya kabati, akaona kopo liko tupu. Akaketi. Akapewa bakuli, akala kijiko, akala cha pili.

"Hii nini?"

"Keki yako, mama."

"Mliila hivi?"

Hapo nilijua vita halisi vimefika. Mke wangu alikuwa na nafasi ya kusema neno moja dogo na mambo yakaisha. Akashika tepu iliyokuwa shingoni.

"Ilikuwa kavu, mama. Sana. Tumeila yote, lakini ilibidi niifumue."

Mama mkwe akakiweka kijiko, akaviangalia vidole vyake.

"Mayai manane," akasema polepole. "Siagi pakiti mbili. Unga vikombe vinne. Sijakosea hata kimoja."

"Kikombe kipi?" akauliza mke wangu, kama anavyouliza tepu ya nani ikiwa suruali haimwingii mtu.

"Kile cha bati kilitoboka. Nimepimia hiki kipya, alicholeta mkwe."

Nikaacha kutafuna, japo sikuwa na kitu mdomoni. Kikombe kile nilikichagua mwenyewe dukani, kikubwa kuliko vyote, nikidhani ndiyo heshima.

"Mama," nikasema, "kile kinabeba kimoja na nusu cha zamani. Vidole vyako vizima. Kosa ni langu."

Pacha wakatazama sakafu.

"Miaka kumi na tisa nakuita mwanangu," akasema mama mkwe, "na nitaendelea. Ila jikoni kwangu usilete chombo tena bila kuuliza." Akakichukua kijiko. "Jirani nitamwambia oveni haitoki. Nioke nyingine wiki ijayo?"

"Ndogo, mama," tukasema wote wanne.

Basi iandikwe na walio na kalamu nzuri kuliko yangu, kwamba Jumamosi hiyo, saa kumi na dakika ishirini, bibi wa miaka sabini na moja alikikokota kijiko mpaka kikagonga chini ya bakuli tupu. Miji mikubwa imewahi kuanguka kwa kishindo kidogo kuliko kile, na wenye kuandika historia waliandika.