Akili Yangu ya Kiroho Imepimwa Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, tena bila kusema neno.

Tangu tumzike mke wangu hapa Manibe, nashinda kimya kwenye kiti cha plastiki. Watu wanadhani nasali. (Mara nyingine nasali. Mara nyingi naangalia kuku.) Leo mama mkwe amekuja kutoka Koboko kuamua kama binti yangu mdogo abaki nami au aende naye. Usingizi ulishanihama kwa hofu.

Alikuja na mjukuu wake Zubeda, anayesoma saikolojia chuoni, na shemeji yangu mmoja. Zubeda anatafiti akili ya kiroho, akaomba anipime kwa kuwa nimefiwa. Nikamuuliza ni akili gani hiyo.

"Uwezo wa kupata maana ya maisha na kutulia hata kwenye mateso, baba mdogo. Walimu wetu bado wanabishana."

"Wakibishana, wewe unapima nini?"

"Jibu tu, baba mdogo."

Mama mkwe akasogeza kiti. (Kwetu mkwe anaogopwa. Mbele yake hata chai sinywi.)

"Umepata maana katika msiba huu?"

"Bado."

"Umewahi kuhisi uko karibu na kitu kikubwa kuliko wewe?"

"Hata sasa."

Nilimaanisha Mungu. Bahati mbaya macho yangu yalikuwa kwa mama mkwe, mwanamke mwenye mwili wake, sitadanganya. Shemeji akapaliwa na chai.

"Sasa funga macho, ufuate pumzi yako. Nione unavyotulia."

Nikafunga. Nilitaka mama mkwe aone baba mwenye roho tulivu.

Kilichofuata ni mngurumo, kama lori la kwenda mpakani Oraba limekwama kwenye tope. Nikajiuliza nani huyu asiye na adabu. Nikafumbua macho. Ni mimi. Mate kidevuni, wakwe wote kimya wananitazama.

Nikaanza kuomba radhi. Mama mkwe akainua mkono.

"Zubeda, hii kwa kipimo yako iko nini?"

"Haimo, bibi."

"Basi pima hii. Tumetaka kuamsha huyu mutu. Mtoto amekataa. Anasema baba yake hapana lala tangu mazishi, sisi wote tunyamaze." Akamtazama binti yangu, aliyeshika mguu wa suruali yangu kama askari wa zamu. "Huyu inabaki hapa. Lakini wewe, mkwe, lala ndani. Unatisha wageni."

Zubeda amekataa kuniambia alama zangu. Binti amebaki, sijauliza tena.