Hatutaki Andasaizi

Waheshimiwa wa meza kuu, waheshimiwa wa meza ndogo iliyounganishwa na meza kuu, wake wa waheshimiwa, waheshimiwa ambao ni wake, wageni mliofika kwa wakati pamoja na mimi niliyewasubirisha, mkunga wetu wa zahanati uliyeketi pale mbele juu ya ndoo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye haijamzingatia basi aizingatie mwenyewe. (Makofi kutoka meza kuu.)

Nimesimama hapa kama Mwenyekiti wa Kamati Shirikishi ya Ufufuaji wa Injini ya Pampu ya Maji, na kwa ruhusa yenu nitaanza kwa kujipongeza, maana mcheza kwao hutunzwa, na mimi ni wa kwenu kabisa: nilizaliwa katika zahanati hii hii, mikononi mwa mkunga huyu huyu, enzi zile bomba likitoa maji. (Mkunga: "Na ulilia kwa sauti hiyo hiyo!" Vicheko.) Asante, mama.

Ndugu wananchi, mnajua kwamba tangu pampu inyamaze akina mama wanakuja kujifungua mkono mmoja mkoba wa nguo, mkono wa pili dumu la maji, jambo ambalo ofisi yangu imelifanyia fizibiliti stadi, yaani uchunguzi wa kina, na kugundua kwamba ni kweli. (Minong'ono.) Kiini cha tatizo ni krenki, yaani ule mhimili mzito unaozunguka tumboni mwa injini, ambao ulikwaruzika kwa kukosa oili. Fundi wetu wa gereji, mtu mwenye kelele kuliko mashine anazotengeneza, akatuambia isitupwe, itasagwa. Kamati ilikaa vikao kadhaa vya majonzi, kwa kuwa tulidhani itasagwa iwe unga, hadi tulipoelimishwa kwamba kusaga krenki ni kuilainisha tu, itoke nyembamba kidogo lakini inang'aa, kama mzee aliyenyoa ndevu. (Kikohozi.)

Hapo ndipo uongozi wenye vishen, yaani maono, ulipohitajika. Fundi akasema krenki ikishasagwa, beringi zake, vile vibamba vinavyoikumbatia, lazima ziwe nene zaidi ili kuziba pengo, na beringi hizo, kwa kuwa ni za krenki iliyopungua, zinaitwa andasaizi. Andasaizi, ndugu zangu! Chini ya saizi! Nikamuuliza, wewe, wananchi hawa walionichagua ni watu wa chini ya saizi? ("Hapana!") Akina mama hawa wajifungue kwa maji ya chini ya saizi? ("Hapana!") Nikaagiza kimaandishi, kwa wino wa kijani: zitafutwe standadi, za saizi kamili. Akajibu eti standadi zitapwaya, injini itagonga siku nzima na kufa kabla ya magharibi. Nikamwambia kupwaya ni mtazamo hasi. (Fundi, kutoka nyuma: "Bosi, pwaya ni pwaya!" Vicheko virefu.) Mtulizeni huyo.

Tukazunguka maduka ya spea ya miji minne. Kila duka likatutolea andasaizi za injini yetu kabisa, mpya, zimo kwenye boksi, na kila mara nilizikataa kwa uchungu wa kizalendo. Standadi walikuwa wameishiwa. Kwa muktadha huo natamka kwa fahari kwamba mradi umekamilika kwa asilimia mia moja na nne, ile nne ikiwa ni turubai hili jipya linaloifunika injini mbele yenu. (Watu wanasimama waone.)

(Mkunga: "Basi iwashe, mwanangu! Nimemwacha mjamzito kitandani, uchungu umemshika, na pipa la wodi limekauka.")

Mama, hoja yako nimeipokea. Kuwasha ni awamu ya pili. Leo tunazindua, na haraka haraka haina baraka. (Mkunga: "Kamwambie mtoto hayo!") Mtoto huyo nampongeza kwa kuchagua kuzaliwa katika kipindi changu.

Sasa tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema krenki, semeni inazunguka. Krenki! (Watu wanatazamana.) Beringi! ("Pwaya!") Maendeleo! ("Maji!")

Kwa kuhitimisha, nina watu wa kuwashukuru. Namshukuru fundi aliyeileta krenki ofisini kwangu niikague, ambako, ingawa hatukupata nafasi ya kuisaga, inauzuia mlango vizuri sana usipigwe na upepo. Namshukuru ndugu yetu wa vyuma chakavu, aliyechukua sehemu yote iliyobaki ya injini wakati sisi tuko kikaoni, akatupunguzia msongamano. Na kwa namna ya pekee namshukuru seremala, aliyechonga kwa mbao hii injini mtakayoiona; turubai likifunuliwa naomba msiiegemee, rangi bado mbichi. (Zogo. Fundi anacheka mpaka anakaa chini.) Asanteni sana kwa kunisikiliza. Samahani, koo limenikauka kwa ajili yenu. Jamani, hakuna mwenye maji hapa?

(Mkunga anainuka, anaichukua ndoo aliyokuwa ameikalia, anapanda nayo jukwaani na kumkabidhi kwa mikono miwili. Mwenyekiti anachungulia ndani.)

Mama, mbona haina kitu?

(Mkunga: "Kunywa, mwanangu. Hiyo ni standadi.")