Suti ya Uenyekiti

Jumatatu, 6 Mei 2024
Padre katangaza: Jumapili vijana wa parokia tunachagua mwenyekiti. Nafasi yangu! Mpinzani ni mmoja tu, Egidius, mvuna mpunga, anayekuja kanisani na malapa. Nimeshamshinda. Watu huchagua kwa macho.

Nimemuuzia jirani yangu Shilinde baiskeli yangu. Kaondoka nayo akipiga kengele. Nimenunua suti ya bluu, viatu vyenye ncha, Biblia ya zipu yenye kingo za dhahabu, na msalaba wa kuvaa, mpana kama kiganja. Unanivuta shingo. Utukufu una uzito.

Bibi Dorotea kanitumia salamu kutoka Namawala. Kifua kinambana, macho hayaoni tena. Anaomba nikamsomee Neno. Bibi huyu ndiye aliyenilea. Nitakwenda Jumamosi.

Jumatano, 8 Mei
Mazoezi ya kwaya. Nimevaa vyote. Joto! Evelina wa sauti ya kwanza kaniuliza nimepewa upadre lini. Wote wakacheka. Wivu.

Egidius kafika kutoka mashamba ya Namawala, tope hadi magotini. Kaniuliza habari za Bibi. Nikasema anaendelea vizuri. Yeye inamhusu nini?

Jumamosi, 11 Mei
Sikwenda. Baiskeli sina, na barabara ya Namawala ni tope tupu. Viatu vingeharibika siku moja kabla ya uchaguzi!

Nikapata akili. Nimejipiga picha na suti, Biblia nimeikumbatia, nikamtumia jirani yake, mama Paskazia, amwonyeshe. Kajibu kwamba Bibi haoni picha, basi akamsimulia. Bibi akasema, "Amependeza. Aje basi."

Nitakwenda Jumatatu, nikiwa mwenyekiti. Atafurahi zaidi.

Egidius hakuonekana mazoezini leo. Anajimaliza mwenyewe!

Jumapili, 12 Mei
Sijui niandike nini.

Egidius hakuja hata kanisani. Baada ya misa Padre akaniita mbele nisome zaburi kabla ya kura. Zipu ikakwama. Nikaivuta kwa meno. Ikafunguka, kurasa zikawa zimegandana kwa ile dhahabu. Nikapuliza. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Simu ikaita mfukoni. Mama Paskazia. Bibi amefariki alfajiri.

Nikauliza nani alikuwa naye. Egidius, akasema. Alifika jana mchana, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Nikauliza kama Bibi aliniulizia. Mama Paskazia akajibu:

"Alimwita Egidius kwa jina lako, mwanangu. Alidhani ni wewe. Egidius akaitika."

Nimekaa kwenye ngazi za kanisa. Uchaguzi umeahirishwa. Msalaba ulikuwa unanichoma kifuani, sikuuvua.

Jumatatu, 13 Mei
Tumemzika Namawala. Nguo nyingine ya heshima sina, nimevaa suti. Kila nilipoinama, msalaba ukagonga jeneza. Ko. Ko. Wazee wakanitazama. Nikaushika kwa mkono, kwa hiyo nikabeba jeneza kwa mkono mmoja, nikayumba, Egidius akaja upande wangu akanibebea.

Nilitaka kumchukia. Nikashindwa. Nikalia mpaka kola ikalowa.

Baadaye nikasikia anawaambia wafiwa kwamba mimi ndiye niliyemtuma kwa Bibi. Wazee wakanishika mkono, wakasema nimelelewa vizuri. Nikamtazama Egidius. Akatazama chini.

Sikukanusha.

Alhamisi, 16 Mei
Ifakara yote inasema nilimtuma Egidius! Evelina kanipa pole kwa mikono miwili. Uchaguzi ni Jumapili ijayo. Mkosi umegeuka.

Nimepata wazo. Kaburi la Bibi lina kijiti tu. Aibu! Nimekwenda kwa fundi Abdulkarim, nikamwagiza msalaba wa zege wenye vigae vyeupe, mrefu kuliko wa katekista marehemu, uonekane toka barabarani. Chini uandikwe kwa rangi ya dhahabu: Umejengwa na mjukuu wake mpendwa, Stanislaus.

Fundi kachukua kalamu, kauliza marehemu alizaliwa mwaka gani.

Sijui.

Nimemwambia hapo asiandike kitu. Jina langu alikuze, lijaze nafasi.