Sumaku Mbili za Murray Pascoe

Murray Pascoe alikuwa na sumaku mbili, moja katika kila mfuko wa koti. Ya mfuko wa kulia ilikuwa sumaku kweli: ukiisogeza kwenye chuma, inanasa kwa kishindo. Ya kushoto ilikuwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi kifanane na sumaku, hakinasi hata kwenye mlango wa jokofu. Ya kulia ilikuwa ya kuuzia magari. Ya kushoto ya kununulia. Kwa vifaa hivyo viwili, na ulimi, Murray aliishi Adelaide, Australia, miaka thelathini bila kuajiriwa na mtu. Nimeona wenye shahada tatu wakiishi vibaya kuliko hapo.

Mwezi wa Mei alikuwa ametumia ile ya kushoto kwa Merv Schirmer, mzee mmoja mstaafu wa kitongoji cha Elizabeth. Merv alikuwa na gari la michezo la Kiingereza la mwaka 1969, viti viwili, kijani. Alilijenga upya kwa miaka kumi na tisa, na kila kipande cha chuma alikichomelea mwenyewe. Macho yalipoanza kuingia ukungu, akaona bora aliuze kwa mtu atakayelipenda. Akaja Murray. Akapitisha kijiti chake cha mbao mlangoni, hakikunasa. Kwenye madgadi, wapi.

"Pole mzee wangu," akasema, machozi yakimlengalenga, maana alikuwa nayo ya kutosha. "Hamna chuma hapa, ni puti tupu, ule udongo wa kuzibia bati lililooza. Wewe hapa ulikuwa unaendesha keki."

Merv akaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Akaliachia gari kwa dola elfu nne, akaingia ndani, akafunga pazia, na tangu siku hiyo hakugusa tena spana. Hilo lilikuwa jambo baya, na nalisema wazi ili tukianza kucheka tujue tunamcheka nani.

Gari lile lilikuwa na thamani ya elfu thelathini na zaidi. Tatizo ni kwamba Julai ilifika na baridi yake kabla ya mnunuzi. Paa linavuja, hita ilikata roho zamani, na kiti ni kigumu kama benchi la kanisa. Murray alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa na mgongo wa miaka mia moja na kumi. Mtu huyu aliyewauzia wenzake "roho ya gari la zamani" maisha yake yote, moyoni alitaka kitu kimoja tu: gari jipyajipya lenye viti vya joto. Na hakuwa na nia ya kulilipia.

Ndipo Jumapili moja asubuhi, pale ufukwe wa Semaphore ambapo wapenda magari hukusanyika kunywa kahawa na kutazamana maboneti, akamwona mwanamke wa makamo amesimama mbele ya gari la kijani, anashusha pumzi. Nyuma yake kuna gari lake: jekundu, la Kijapani, la mwaka 2016, linang'aa kama pipi. Mkononi ana boksi la zile keki zetu za kijani zenye umbo la chura.

"La kwako hili, kaka?"

"Bibie, usiseme la kwangu. Mimi na yeye tumeoana."

"Mwenzio anavuja oili."

"Analia kwa furaha. Hajaona mtu anayemtazama hivyo siku nyingi."

Mwanamke akacheka, akasema anaitwa Noelene Zadow, mjane. "Nimechanganyikiwa mwenzako. Nataka la zamani, lakini nilichokuja nacho ni hilo jekundu na vijisenti vichache. Binti yangu ananiambia, mama, la zamani litakufia njiani. Kichwa kinasema baki na jipya. Moyo unasema la kijani."

"Msikilize moyo. Kichwa kazi yake kuvaa kofia." Murray akalizunguka jekundu taratibu, mikono nyuma, kama askofu anayekagua kwaya. "Hili ni zuri, sikatai. Lakini ni simu yenye magurudumu. Lina roho?"

"Roho sijui. Lina viti vya joto."

Murray akameza mate. "Vya joto kiasi gani?"

"Vina daraja tatu. Uvuguvugu, moto, na kuoka mikate. Kaa ujaribu."

Akakaa. Akabonyeza daraja la tatu. Mgongo wake, ambao hakuna aliyeusemesha vizuri tangu mwaka 1998, ukalegea pingili moja baada ya nyingine. Ilibaki kidogo tu aungame dhambi zake zote kwa mwanamke asiyemjua, lakini akajikaza kiume.

"Tubadilishane," akasema. "Naumia, lakini nakuonea huruma."

"Hivi hivi tu, gari kwa gari?"

Hapo ndipo tamaa ilipomkaba. Mtu mwenye akili angeshika ufunguo akaondoka. Murray akatoa kwanza sumaku ya kulia, akaibandika kwenye kijani: ta! Mlango, ta! Madgadi, ta! "Umeona? Chuma kitupu." Kisha akaenda kwa jekundu na ya kushoto. Boneti, kimya. Mlango, kimya.

"Mungu wangu," akanong'ona kwa sauti ya kusikika maegesho yote. "Bibie, hili gari ni puti."

Noelene akaziba mdomo. "Puti? Wapi?"

"Toka boneti mpaka buti. Utaniongezea elfu mbili, na hapo bado nakusaidia."

"Nitakuongezea, kaka. Ila niandikie, binti yangu asije akasema nimezitupa bure."

Murray aliandika kwenye kifuniko cha boksi la keki, kwa mwandiko mzuri na madoido: Mimi, Murray Pascoe, nimelikagua gari jekundu kwa sumaku yangu mwenyewe, nimelikuta limejaa puti toka mbele hadi nyuma, na nimelipokea kama lilivyo. Wanachama wawili wa klabu ya magari wakatia sahihi kama mashahidi, na kila mmoja akapewa chura wake.

"Na ule uhakiki wa dola mbili kwenye simu?" Noelene akauliza. "Wa kuangalia historia ya gari. Ufanye, nakuomba, roho yangu itulie."

"Dola mbili za nini? Uso wako ndio uhakiki wangu."

Sentensi hiyo alikuwa amewaambia wanunuzi kwa miaka thelathini. Ilitoka yenyewe, kama chafya.

"Haya basi. Ila vibao vya namba navitoa, vina jina la marehemu mbwa wangu."

Murray akakodi trela, akalipeleka jekundu nyumbani, na Jumatatu akaenda kulisajili. Dada wa dirishani akabonyeza kompyuta, akaitazama, akamtazama Murray.

"Hili liligongwa na basi kule Whyalla. Limeandikwa chuma chakavu. Haliruhusiwi kurudi barabarani."

"Mpaka nilitengeneze?"

"Mpaka kiama, mzee. Na hata siku hiyo utakuja kwa miguu."

Alirudi nyumbani mbio, akatoa sumaku ya kulia, ile ya kweli, akaibandika kwenye boneti la jekundu. Ikaanguka juu ya kidole cha mguu. Mlangoni, ikaanguka. Ilinasa mahali pamoja tu, kwenye bomba la moshi. Akampigia Noelene simu akihema.

"Wewe mama! Umenipa puti!"

"Kaka, si ulinieleza mwenyewe? Tena mbele ya mashahidi."

"Nakupeleka polisi!"

"Nenda. Kifuniko cha keki nimekitia fremu, nitakuja nacho." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa bodi. Puti yote hiyo nimeipaka kwa mikono yangu, wiki sita. Nikajiapiza kwamba sitasema uongo hata mmoja, wewe mwenyewe utausema. Na zile elfu mbili nilizokuongezea zilitoka kwenye nne ulizompa Merv. Mbili nyingine ndizo zilizonunua chuma chakavu na puti."

"Merv gani?"

"Merv Schirmer. Kaka yangu. Jana nimemshikisha sumaku ya kweli, amezunguka gari lake mara tatu akiibandika, analia. Leo yuko chini yake na spana. Anakusalimia."

Jekundu likabaki uani kwa Murray. Kila asubuhi hutoka na chupa ya chai na pai ya nyama, akakaa ndani, akawasha daraja la tatu, akatazama ua wa jirani. Majirani wanasema ndicho kiti kizuri kuliko vyote mtaani.

Jumapili iliyofuata gari la kijani likapita barabarani, paa limefunguliwa katika baridi ile ya Julai. Noelene yuko kwenye usukani. Pembeni yake Merv, kajifunga blanketi mpaka masikioni, anatetemeka meno yakigongana, anacheka kama mtoto. Mbele ya geti la Murray wakapunguza mwendo, wakapiga honi mara mbili.

Murray, ndani ya jekundu lake, akajikunyata kitini asionekane. Akabonyeza kuoka mikate. Betri ikafa.