Mlimfundisha Hakimiliki, Karudi na Maswali

Ndugu Mkuu wa Kitivo cha Sheria,

YAH: MHADHIRI ANAYEHARIBU UGOMVI WA WATU

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi cherehani, mama wa binti anayesoma kwenu sheria ya hakimiliki. Namlalamikia mhadhiri wake, yule asiyetoa notisi za kukariri bali huuliza tu: "Nani kasema? Kwa ushahidi gani? Upande wa pili ungejibuje?" Madhara yake ni haya:

1. Fundi wa ng'ambo ya barabara alianza kushona magauni yenye marinda matatu begani, mshono ambao mtaa mzima unajua ni wangu. Nikamsubiri binti kwa hamu. Hata begi hajashusha, nikamwambia, "Mwanangu, mwandikie yule mwizi barua ya kisheria imtoe jasho." Badala ya kushika kalamu, akavuta kigoda. "Mama, kachukua mchoro wako, au wazo tu la marinda? Na wewe uliyaona wapi kwanza?" Nilipeleka chuoni wakili, nimerudishiwa hakimu!

2. Hakuishia hapo. Alinivusha barabara hadi kwa mshitakiwa, eti naye asikilizwe. Yule mama akatoa picha ya harusi ya bibi yake: marinda matatu begani, peupe kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya mwaka mzima, ningeyapeleka wapi? Nikatafuta pa kuficha uso, sikupaona. Yule mama akaanza kucheka. Nami nikacheka, kinyume kabisa na nilivyopanga.

3. Kwa hiyo kitivo chenu kimeninyang'anya adui niliyemlea kwa miaka. Sasa tunaazimana mikasi, na juzi kanionyesha namna ya kukunja rinda lisifumuke. Wateja hawajui tena umbea wampelekee nani.

4. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Nikimwambia baba watoto mboga imekwisha, anauliza, "Ushahidi?" na kufunua sufuria. Ubaya ni kwamba huikuta.

Sasa fikiria wanafunzi wote wakifunzwa hivi. Kesi zitaishia kwenye chai, mahakama zitaota nyasi, na mawakili watakuja dukani kwangu kuomba kazi ya kushona vifungo. Sina vyerehani vya kutosha. Naomba basi mhadhiri huyo akatazwe kuuliza. Vijana wapewe notisi, wakariri, wafaulu, wasahau, kama watu waungwana.

Nisalimieni wahadhiri, makarani, wapishi wa kantini na mlinzi wa getini, wanaonijua na wasionijua.

Wenu katika kulinda ugomvi wa halali,

Mama Mwanasheria

N.B. Mkimfukuza, tafadhali nidokezeni anakohamia, binti amfuate huko huko. Na kama ana darasa la jioni la watu wazima, tuwekeeni viti viwili vya mbele, mimi na jirani yangu. Tutafunga maduka mapema.