Uwanja Safi wa Mzee Alimohamed

Jumamosi, 3 Mei 2025
Mzee Alimohamed katupeleka kuona malisho yake, mbali huko mashariki ya Toronto. Mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Mwanza. Ana vilima vya mchanga vilivyofunikwa nyasi, na kibanda cha mbao katikati. Anatafuta mtu wa kuweka mifugo, maana nyasi zisipoliwa, vichaka vinavamia. Tunaoomba ni wawili: mimi na Tumsifu wa kwaya. Tumsifu! Mtu aliyepiga magoti kunusa majani kama ng'ombe mwenyewe. Mzee akamsifu. Mimi sikusifiwa kitu.

Nimeshamwambia mke wangu Adelina kwamba kiangazi hiki tutakuwa na mbuzi. Nimewatangazia na watu wa kanisani. Nikikosa, nitauweka wapi uso wangu?

Jumatano, 7 Mei
Nimewaza kwenye treni mpaka kituo cha Weston. Shida ya pale ni uchafu. Nyasi zimefika mlangoni! Mama yangu kule Lushoto asingekubali mgeni akute jani moja uwanjani. Mtu aliyelelewa hujulikana kwa uwanja wake. Jumamosi Mzee anakwenda na familia kukifungua kibanda baada ya baridi. Atakuta kazi imekwisha. Tumsifu abaki na pua yake.

Adelina akasema, Baba Gift, muulize kwanza mwenye shamba. Nikamjibu zawadi haiombewi ruhusa.

Ijumaa, 9 Mei
Mgongo! Nimeomba ruhusa kazini, nimeazima gari, nimeshika jembe tangu asubuhi. Nyasi kaidi hizi! Mizizi inashuka chini kama inatafuta maji ya kuzimu. Lakini nimekwangua pande zote za kibanda, mpaka mchanga mtupu. Kisha nikafagia. Mistari ya ufagio imelala vizuri, raha tupu. Nikamtumia Gift picha. Mwanangu akajibu kwa Kiingereza kwamba pamekuwa kama palipopigwa bomu. Watoto wa huku hawajui uzuri.

Jumapili, 11 Mei
Aibu! Jana Mzee alifika na binti yake Shafina, na sufuria ya biriani. Tumsifu naye kaalikwa, sijui na nani. Tulipoifunua tu, upepo ukavuma. Mchanga wote ukaamka! Machoni, vitandani, kwenye biriani. Shafina akatafuna mara moja, akatema.

Mzee hakufoka. Heri angefoka. Alisema polepole kwamba nyasi zile ndizo zilizokuwa zinaushika mchanga. Zamani watu walilima pale, vilima vikaanza kuhama, na imechukua miaka mingi kurudisha majani. Tumsifu akatikisa kichwa kwa huzuni. Mnafiki mkubwa.

Basi Tumsifu kapewa nafasi ya ng'ombe. Mimi nimepewa mfuko wa mbegu za nyasi za palepale, nipande nilipoharibu. Zikishika, nitaweka mbuzi wangu. Zisiposhika, Mzee kasema nisimsumbue tena. Niliona uchungu.

Jumapili, 18 Mei
Nimepanda. Mzee kasema nimwagilie, kisha nipaache kabisa. Nipaache! Kazi gani hiyo?

Jumamosi, 7 Juni
Nimeshindwa kuvumilia, nimekwenda kuangalia. Balaa! Magugu yamejaa uwanja mzima, vijani vyembamba kama nywele, kila mahali, hasa pale nilipopanda kwa mkono wangu. Nyasi za Mzee sikuona hata moja. Zitaotaje zikisongwa hivyo? Nikapiga magoti, nikang'oa yote, moja moja, mpaka jua likazama.

Tumsifu alipita na ng'ombe wake. Akasimama, akashika kichwa, akaniita kwa sauti. Nikamwambia achunge ng'ombe, uwanja ni wangu. Wivu huo! Sasa mchanga uko safi na mbegu zimepata nafasi ya kupumua. Nimempigia simu Mzee aje kesho na Shafina, nami nimeshaulizia bei ya mbuzi.