Seneta wa Zizini

Hakuna binadamu aliyewahi kumshauri Lowell Brandvold akafua dafu. Mama yake mwenyewe husimulia kwamba hata siku ya kuzaliwa daktari alimtaka atangulize kichwa, yeye akatanguliza miguu. Na tangu hapo imekuwa hivyo hivyo: miguu mbele, kichwa kinafuata kikipata nafasi!

Kichwa chenyewe, tusimnyime haki yake, kilikuwa moto wa kuotea mbali. Alipomaliza sekondari kwao, karibu na Chicago, vyuo vilimgombania, mwisho akatua Chuo Kikuu cha Prairie Fork, kule Nebraska, kwenye Programu ya Heshima. Hiyo ndiyo programu ya vipanga, wale wanafunzi ambao profesa akikosea hesabu ubaoni wanakohoa. Wana bweni lao, wana maktaba yao, hata mashine ya kahawa wana yao. Lowell aliingia Programu ya Heshima akiwa na kila kitu isipokuwa heshima.

Alisomea siasa, na maisha yake alishayapanga mpaka mwisho: wakili, gavana, seneta, halafu sanamu.

"Ya shaba," alipenda kusema wakati wa kula. "Na nitakuwa nimesimama. Kukaa juu ya farasi ni ushamba."

Sasa, programu ile ina sheria moja. Kabla ya kuchagua masomo ya muhula, sharti uonane na mshauri. Usipoonana naye, jina lako linapigwa kufuli kwenye kompyuta, hujiandikishi hata somo la kupiga miayo. Mshauri alikuwa Bi. Yolanda Teasdale, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, bakuli la peremende mezani. Vipanga wa kila aina walishapita mikononi mwake: anayelia kwa sababu kapata tisini na nane, anayetaka kusoma udaktari, Kilatini na tarumbeta kwa pamoja na bado apate usingizi. Mama yule aliwasikiliza wote, akawapangia, wakatoka wanapumua.

Mwezi wa Novemba, watu wakiwa tayari wanawaza batamzinga wa Sikukuu ya Shukrani, Lowell akaingia ofisini humo amevaa tai.

"Karibu, Lowell. Kaa tuongee."

"Bi. Teasdale, mimi sitakupotezea muda. Nimeshajipanga. Fungua kufuli tu."

Mama akabonyeza kompyuta, kufuli likafunguka. Hapo ndipo alipokosea, na alikuja kukiri mwenyewe. "Haya. Umechagua nini?"

Lowell akageuza kompyuta yake kama jenerali anayeonyesha ramani ya vita. "Sheria ya katiba. Uchumi. Takwimu. Na hili hapa, mama, hili ndilo lenyewe: Uongozi wa Makundi!"

Bi. Teasdale akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena. "Lowell, mwanangu, hilo ni somo la—"

"La vipanga! Nimeona alama ya programu pembeni."

"Alama ipo. Lakini hayo makundi ni ya kon—"

"Kongresi! Najua! Ndiko niendako!"

"Siyo Kongresi. Hebu soma maelezo hapo chini."

"Ya chini nawaachia makarani wangu."

Simu ikalia. Bi. Teasdale akaipokea, na alipoirudisha, kiti kilikuwa kitupu na peremende tatu zimetoweka. Akamwandikia barua pepe. Siku ya pili akamwandikia nyingine. Lowell hakuzifungua hata moja.

"Mama wa watu kanizoea," aliwaambia wenzake. "Hawezi kukaa siku mbili bila kusikia hekima yangu."

Na kwa kuwa hekima ilikuwa inamwagika bure, akaamua kuwagawia na wengine. Alijitwalia meza kwenye bwalo la chakula, karibu na mashine ya aiskrimu, akawa anawashauri vipanga wa mwaka wa kwanza. Ujira ni biskuti ya chokoleti. Wengi walimpita. Mmoja akakaa: Marisol Quintero, binti mpole wa hisabati, aliyebakiza nafasi ya somo moja tu.

"Bi. Teasdale kaniambia nichukue historia ya sanaa," alisema Marisol.

"Achana na mambo ya picha! Twende wote Uongozi wa Makundi. Mimi na wewe, dada, ndani ya miaka ishirini tunaiendesha nchi hii. Wewe utashika hazina."

"Una uhakika?"

"Niangalie usoni. Je, huu ni uso wa mtu asiye na uhakika?"

Marisol akamwangalia. Masikini, hesabu alizijua, nyuso hakuzijua.

Januari ikafika na baridi yake ya kung'oa masikio. Somo la kwanza lilipangwa Jengo la Mashariki. Lowell akavaa suti ya bluu na viatu vinavyong'aa, akamchukua Marisol, wakaanza kutembea. Wakapita maktaba. Wakapita uwanja wa mpira. Wakapita maegesho ya mwisho ya magari, lami ikaisha, theluji ikaanza.

"Lowell, tumepotea."

"Viongozi huwekwa mbali na kelele."

Jengo la Mashariki lilikuwa na bati jekundu na mlango wa kupitisha trekta. Mlangoni alisimama mzee mrefu amevaa ovaroli, Dakta Overgaard, profesa wa mifugo, mtu wa maneno machache kama anayeyalipia.

"Wewe nani?"

"Lowell Brandvold. Kiongozi."

"Safi. Waongoze wale waingie ndani."

Lowell akageuka, mkono ameshaunyoosha kusalimiana na wajumbe. Nyuma yake walisimama kondoo arobaini, wanatafuna, wanamtazama kama wapiga kura waliokwisha kudanganywa mara nyingi.

"Lowell," Marisol akasema taratibu.

"Subiri, nafikiri."

"Fikiri haraka. Huyu mmoja anakula tai yako."

Mwenye akili angerudi siku ile ile kwa Bi. Teasdale, akabadilisha somo, yakaisha. Marisol alirudi kweli. Mama akamwambia, "Muda bado upo, nikutoe?" Marisol akafungua mdomo kusema ndiyo. Lakini asubuhi ile alikuwa ameshuhudia mwanakondoo akizaliwa, kamdondokea mapajani, kamlambalamba kidole. Akafunga mdomo. "Nitabaki," akasema, na yeye mwenyewe akashangaa.

Kwa Lowell, mwenzangu, kurudi kwa mshauri ilikuwa sawa na kumeza kisu! Akaanza kutangaza bwenini kwamba alilichagua somo lile makusudi. "Seneta wa kweli lazima amjue mkulima," alisema, huku ananuka kiasi kwamba lifti aliipanda peke yake. Tarehe ya mwisho ya kubadilisha masomo ikaja, akaitazama, ikapita.

Na zizini mambo yalikuwa magumu. Alijua historia ya ufugaji tangu enzi za mafarao, lakini kondoo hawakuwa wameisoma. Akishika mguu, anapigwa teke. Akimwaga chakula, anakanyagwa. Alama zikashuka, na kwenye programu ile zikishuka sana unafungasha virago, unahama bweni, unaaga mashine ya kahawa. Usiku alianza kuota anatimuliwa. Mlinzi anayemtoa getini alikuwa na sufu mwili mzima.

Kilichobaki ni mtihani wa vitendo, Aprili, Siku ya Wazazi: kuwatoa kondoo malishoni, kuwapitisha kando ya kiwanja cha kijani, kuwaingiza zizini. Siku hiyo hiyo, kiwanjani hapo hapo, Programu ya Heshima iliandaa chakula cha mchana chini ya hema kubwa jeupe. Mkuu wa programu alikuwepo. Wafadhili walikuwepo. Bi. Teasdale alikuwepo na sahani yake.

"Kaa nyuma yao," Dakta Overgaard alimwambia Lowell. "Tembea polepole. Usiseme kitu."

Ushauri mfupi, wa bure, wa dhahabu. Lakini kumshauri Lowell!

Alitangulia mbele. Mwanzoni, ajabu ya Mungu, kondoo wakamfuata! Kifua kikamvimba. Alipofika usawa wa hema akawaona wafadhili, akaona kamera, damu ya useneta ikachemka. Akasimama, akageuka, akainua mikono yote miwili.

"Ndugu zangu!" akapaza sauti. Na hakuna aliyejua alikuwa anawaambia wafadhili au kondoo.

Kondoo walidhani ni wao. Wakashtuka, wakamparamia, wakaingia hemani kama mafuriko! Meza ya kwanza ikalala. Kipanga mmoja akapanda juu ya kiti na shahada yake aliyoifikisha nusu. Kondoo dume, mzee wa vurugu, akazamisha kichwa kwenye sinia la saladi ya viazi. Lowell akamrukia shingoni kumzuia, dume akaondoka naye, akaburuzwa katikati ya wazazi, suti inafyeka nyasi, mpaka wakasimama mbele ya mkuu wa programu.

"Habari za mchana," Lowell akasema kutoka chini.

Marisol hakusema neno. Alizunguka nyuma ya hema, akatembea polepole, mikono chini, na wale kondoo wakatoka mmoja mmoja kama wanafunzi waliosikia kengele, mpaka zizini. Dakta Overgaard akampa alama zote na akatabasamu, jambo ambalo mkewe mwenyewe alilisikia kwa majirani.

Bi. Teasdale akainama, akamtoa Lowell kipande cha kiazi sikioni.

"Jumatatu, ofisini kwangu," akasema.

Jumatatu Lowell alifika bila tai. Akakaa. Halafu akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema tangu azaliwe: "Mama, sijui nifanye nini."

"Haya," akasema Bi. Teasdale, akasogeza bakuli la peremende. "Sasa tuanze."

Akampigia simu Dakta Overgaard, akamwombea arudie mtihani. Alfajiri moja yenye ukungu, bila hema, bila kamera, Lowell alitembea nyuma ya kondoo arobaini, kimya. Walikwenda. Hakuna aliyemtazama, na moyo wake ukatulia kwa namna ambayo hakuitegemea. Akapata C. Akabaki kwenye programu kwa ncha ya kucha.

Ungedhani amepona. Agosti, Bi. Teasdale akamwita tena. Vipanga wapya wanakuja, akamwambia, je, angependa kusimama mbele yao ukumbini?

Angependa! Lowell alikesha wiki nzima akiandika hotuba. Ilianza na Wagiriki, ikapita kwenye unyenyekevu, ikakaa sana kwenye unyenyekevu wake yeye, ikaishia kwenye mustakabali wa taifa. Akanunua tai mpya. Siku yenyewe ukumbi ulifurika, Marisol akiwa mstari wa mbele na harufu yake ya zizini, maana siku hizi anasomea udaktari wa mifugo. Bi. Teasdale akapanda jukwaani, akamwita. Lowell akapanda, akakohoa, akazikunjua karatasi zake.

Mama akashika kipaza sauti.

"Vijana, huyu anaitwa Lowell. Hakusikiliza mshauri wake. Asante, Lowell, unaweza kukaa."

Na ukumbi mzima wa vipanga ukainama, ukaandika.